Jinsi ya kumpa mbunge swali ambalo waziri hataliua kwa "kadri fedha zitakavyopatikana"

Bunge likianza tu Dodoma simu zinajaa vipande vya video. Mheshimiwa kasimama, "naomba swali langu lipatiwe majibu", naibu waziri kanyanyuka na karatasi yake, kasoma, kakaa, imeisha hiyo. Sie wa Tanga tunashangilia kwamba tumetajwa, halafu ukirudi Ngamiani dirisha (yaani awamu ya malipo) la TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, limechelewa vilevile na bibi anaambiwa dawa kanunue nje vilevile. Mie siku hizi simlaumu sana mbunge, maana kuuliza kauliza, shida ni swali lenyewe limekaa kiasi kwamba unaweza kulijibu dakika mbili nzima na usiwe umejibu kitu. Na limekaa hivyo kwa sababu tuliompelekea tulimpelekea kilio, hatukumpelekea swali. Sasa hapa naeleza namna ya kulitengeneza, mifano yangu ni ya misaada ya kaya na huduma za jamii, ila mtu wa Bagamoyo, Pangani au Muheza atatumia hivyohivyo.

Kabla ya yote jua kwamba humuombi mtu hisani. Katiba ibara ya 63(3)(a) inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Shika hayo maneno ya mwisho, "yaliyo katika wajibu wake", tutayarudia.

Haya, kwanza chuja kero. Siyo kila kitu ni cha Bunge jamani. Bati za darasa, mifuko ya saruji, hayo mpelekee mbunge kwa ajili ya Mfuko wa Jimbo, upo kisheria tangu 2009 na hauhitaji kusimama Dodoma. Mtaro umeziba barabara ya mtaa, huyo ni diwani na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Mama mmoja jina lake limekosekana kwenye orodha ya malipo, nenda kwa mtendaji kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri, anaweza kulimaliza hata wiki hiyohiyo wakati swali la Bunge linachukua miezi. Cha Bunge ni pale unapoona jambo lilelile linawapata watu wengi, mitaa mingi, na halmashauri wanakwambia "hilo lipo juu ya uwezo wetu". Wakisema hivyo usikasirike, waombe wakuandikie.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapotea, jua swali ni la nani. Ukikosea wizara unajibiwa kwa heshima zote kwamba jambo hilo linaratibiwa na wenzetu, na nafasi ya mheshimiwa imekwenda. TASAF kwa mfano watu wengi wanadhani ipo Maendeleo ya Jamii kwa vile jina lake ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wapi, maswali yake kwa miaka mingi yamekuwa yakijibiwa na Ofisi ya Rais upande wa Utumishi na Utawala Bora. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iliundwa 2022 na yenyewe ina mambo ya ustawi, wazee, watoto, baba waliotelekeza familia. Ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ni ya halmashauri kwa hiyo swali linakwenda TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Kwenye afya ndo kuna mtego zaidi, zahanati na vituo vya afya vya mitaani kwetu vinaendeshwa na halmashauri, yaani TAMISEMI, lakini Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, hiyo ipo Wizara ya Afya. Umechanganya zahanati ya mtaani na Bombo kwenye swali moja, umempa waziri mlango wa kutokea. Maji nayo, mtu wa Tanga mjini anazungumzia Tanga-UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, mtu wa Bagamoyo mjini maji yake ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wizara ni moja ila mhusika siyo mmoja. Barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo ni TANROADS, wakala wa barabara kuu, ya mtaani kwako ni TARURA. Andika hivi vitu kwenye karatasi ubandike ukutani.

Tatu, ushahidi. Mbunge akisema kitu bungeni anaweza kuambiwa athibitishe, na akishindwa anaaibika yeye siyo wewe, ndo maana wengine wakiletewa maneno ya barazani wanaitikia tu "nimelipokea" na linaishia hapo. Tuseme kero ni ya TASAF, ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012. Usiende na "walengwa wanateseka". Kaa na walengwa wenyewe, waje na kadi zao, muulize kila mmoja, dirisha la mwisho ulilipwa lini, ulipaswa kulipwa lini, ulikatwa au hukukatwa, uliambiwa kwa nini. Malipo yamepangwa yaje kila baada ya miezi miwili kwa hiyo pengo linaonekana lenyewe. Wa kukatwa muulize kuhusu masharti, maana ruzuku nyingine imefungwa na mtoto kuhudhuria shule asilimia 80 ya siku za masomo na wadogo kupelekwa kliniki, sasa unaweza kukuta mtoto alikuwepo shule ila fomu ya mahudhurio haikufika, hiyo ni kero nyingine kabisa na ina mtu wake wa kuulizwa. Andika idadi na mitaa, majina ya watu na namba za kadi usizungushe kwenye magrupu ya WhatsApp hata kidogo, umaskini wa mtu siyo tangazo.

Halafu andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mratibu wa TASAF, ugongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inataka ujibiwe ndani ya siku 30. Ukijibiwa una takwimu za serikali yenyewe, usipojibiwa una barua yenye muhuri na tarehe, na hiyo kwa mbunge ni tamu pengine kuliko jibu. Nakala mpe na diwani wako aulize kwenye Baraza la Madiwani, wanakaa kila robo mwaka. Watu wanaruka hatua hii kwa haraka zao na ndo maana waziri anajibu "nimshauri Mheshimiwa Mbunge alifikishe kwanza halmashauri".

Sasa kuandika. Fungua Hansard yoyote, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge, utaona maswali mengi yanaanza "Je, ni lini Serikali ita..." au "Je, Serikali ina mkakati gani wa...". Haya mawili mie nayaita maswali ya kulelea waziri. La "lini" jibu lake lipo tayari, kadri fedha zitakavyopatikana. La "mkakati gani" ni baya zaidi, utasomewa mikakati saba, yote mizuri, hakuna hata mmoja wenye tarehe. Uliza ngapi, kiasi gani, kwa kigezo gani, nani aliamua. Mfano:

"Je, ni kaya ngapi za Jimbo la Tanga Mjini ziliondolewa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini katika uhakiki wa mwisho, na ngapi kati ya hizo zilikata rufaa na kurudishwa?"

Hapo mkakati hauingii. Atatoa namba, au atakuja bila namba mbele ya nchi nzima. Akitoa namba na wewe una zako za mitaa yako, mnalinganisha.

Au mikopo. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha madudu, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Usiulize lini vikundi vitapewa. Uliza tangu mikopo irejeshwe, halmashauri imetenga kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na ile asilimia 2 ya wenye ulemavu imefikia vikundi vingapi. Hiyo asilimia 2 ndo naikazania maana huwa inapita kimyakimya, unaambiwa "vikundi havikujitokeza", basi muulize tangazo lilibandikwa wapi na mtu asiyeona alisomewa na nani.

Wazee vilevile. Sera ya Afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Kila mtu anaijua sera, haina haja mheshimiwa aulize kama ipo, atajibiwa ipo. Aulize wazee wangapi wa jimbo wametambuliwa wakapewa vitambulisho, na mzee mwenye kitambulisho akiambiwa dawa hamna analipiwa na fungu gani.

Swali la msingi fanya fupi, vipengele (a) na (b) vinatosha. Usitukane, usitaje jina la mtumishi, na kama jambo liko mahakamani liache.

Sasa utamu wote uko kwenye nyongeza. Swali la msingi linapelekwa mapema, wataalamu wanaandika jibu, naibu waziri anasoma tu. Baada ya hapo mbunge wako ana maswali mawili ya nyongeza na hayo hayajulikani kabla, waziri anajibu kwa kichwa chake. Na kwa vile jibu la msingi unaweza kulikisia (mie na wenzangu tunalikisia hadi salamu za mwanzo), kaa umwandikie mheshimiwa nyongeza za kila njia. Akisema kaya zilihitimu, yaani zimeinuka kiuchumi hazihitaji tena msaada, nyongeza iwe, zilihitimu kwa kipato gani na nani alipima. Akisema mfumo wa malipo ulikuwa na changamoto, nyongeza iwe, je, fedha za dirisha lile zilizokosekana zitalipwa kama malimbikizo, ndiyo au hapana. Sentensi moja moja, zitoshee kwenye kikaratasi, maana pongezi na shukrani zitakula muda na Spika anaharakisha.

Kumfikia sasa. Usimvizie msibani. Nenda ofisi ya mbunge, ongea na katibu wake, acha ukurasa mmoja, siyo faili, juu swali, chini takwimu, nyuma nakala ya barua yenye muhuri. Peleka wiki nyingi kabla ya mkutano wa Bunge, maana maswali yanapokelewa mapema na yanapangiwa siku. Kama mbunge wa jimbo ni waziri jua hawezi kuiuliza serikali ambayo yeye yumo, hapo mtafute wa viti maalum wa mkoa, na kwa mambo ya kaya, wazazi na watoto hao mara nyingi wanalibeba vizuri zaidi. Mkutano wa bajeti, Aprili mpaka Juni, una kitu cha ziada, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutishia kuikwamisha bajeti yake, mpaka apate maelezo ya kueleweka, na nimeona mawaziri wanalainika kwa shilingi kuliko kwa swali. Alhamisi asubuhi ni ya Waziri Mkuu, papo kwa papo, ila ni ya sera, dirisha lililochelewa Makorora usilipeleke huko, peleka kama hoja ya nchi nzima.

Likishaulizwa usihangaike na video, subiri Hansard ya siku hiyo, pakua, chapisha ule ukurasa, pigia mstari palipo na ahadi au namba. Nakala moja kwa mkurugenzi na barua fupi "rejea majibu ya Serikali bungeni tarehe fulani, tunaomba utekelezaji", ugongewe muhuri tena. Nyingine kwa diwani. Nyingine mpe mwenyekiti wa mtaa aisome kwenye mkutano wa mtaa, na aisome yote, hata pale waziri alipomshinda mbunge wetu kwa hoja, maana kuna siku unakuta kumbe hela ilishaletwa na imekaa hapahapa.