Somo: Kutoa taa za halojeni jukwaani na kufunga LED na muvinghedi (taa zinazogeuza kichwa zenyewe)

Wakuu, swali hili nimelijibu kwa simu mpaka sauti imenikauka: "Fundi, tumenunua taa mpya, tumezichomeka, zinapepesa." Naliandika mara moja, kwa yeyote mwenye ukumbi wa maigizo wa kawaida: PAR (zile taa za halojeni za jukwaani) kumi na mbili za wati 1000, dima (kifaa cha kupunguza mwanga) ukutani, meza ya taa ya zamani.

1. Chora bomba zote za taa na uandike kila taa inamulika wapi.

2. Zima swichi kubwa, subiri taa zipoe, shusha.

3. Umeme. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Ukumbi wa kwanza niliofanya, niliona soketi za dima ziko tayari juu ya bomba, nikachomeka LED humo humo na kupandisha dima mpaka mwisho. Jioni ya kwanza zilipepesa. Jioni ya tatu, taa tatu zilinuka na kuzima, na kikundi kilikuwa katikati ya onyesho. Dima hupunguza mwanga kwa kulikata wimbi la umeme vipande vipande. Waya wa halojeni haujali, lakini LED ina saketi yake ya umeme ndani inayotaka wimbi zima. DIMA ILIYOFUNGULIWA MPAKA MWISHO SI SOKETI YA UKUTANI. Mwite fundi umeme mwenye leseni avute laini mpya kutoka kwenye bodi, isiyopita kwenye dima, yenye waya wa ardhi. Muvinghedi nazo ni hivyo hivyo.

Halafu usidanganywe na hesabu. PAR kumi na mbili zilikula ampea 52 hivi kwenye volti 230. LED kumi na mbili za wati 200 hazifiki 11. Lakini zikiwashwa zote kwa pigo moja, huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, na breka hudondoka. Zigawe kwenye breka kadhaa, ziwashe kwa zamu.

4. Kufunga. PAR tupu unaibeba kwa mkono mmoja. Muvinghedi ya ukubwa wa kati hufika kilo 20 na zaidi, na ikigeuka ghafla inalitikisa bomba. Klempu mbili, na waya wa usalama kwa KILA taa. Kama hujui bomba lako linabeba kilo ngapi, usipandishe kitu.

5. Laini ya DMX, yaani kebo inayopeleka amri za meza kwenye taa. Tumia kebo ya DMX yenyewe, si ya maiki. Inatoka kwenye meza, inaingia taa ya kwanza, inatoka, inaingia ya pili, mpaka ya mwisho. Usiigawe kwa plagi ya njia mbili. Ukitaka matawi, nunua kigawanyaji chake. Taa zisizidi 32 kwa laini moja. Kwenye taa ya mwisho chomeka plagi yenye rezista ya omu 120, la sivyo mawimbi yanarudi nyuma na taa zinaruka.

6. Anwani, yaani namba ya chaneli ambapo taa inaanzia. Taa ya chaneli 16 ikianzia 1, inayofuata ni 17, kisha 33. Laini ina chaneli 512 tu.

Swali: Zangu zinapepesa, shida nini?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Mimi natumia kebo ya maiki mwaka wa pili sasa, haijawahi kusumbua. Mnatutisha bure.
Jibu: Una taa ngapi, na laini ni ya mita ngapi?
Swali: Nne. Mita kumi na tano.
Jibu: Ndiyo maana. Ongeza muvinghedi sita na uvute mpaka nyuma ya ukumbi, ndipo uje tuzungumze. Sijamtisha mtu, nimelipia taa tatu.

Swali: Shikamoo fundi. Tangu tufunge LED, waigizaji wetu wanaonekana wa kijivu, kama wagonjwa. Na halojeni hawakuwa hivyo. Ni macho yangu?
Jibu: Marahaba. Macho yako ni mazima, na nashukuru umeliuliza. LED ya nyekundu, kijani na bluu ikichanganya nyeupe, huacha pengo kwenye manjano na kaharabu (rangi ya asali), na ngozi zetu zinaishi hapo. Kwa taa za mbele tafuta LED nyeupe ya joto, kelvini 3200 hivi, au yenye kaharabu ya ziada. Za rangi tatu zipeleke nyuma na pembeni. Kabla ya kununua, azima taa moja, msimamishe mwigizaji chini yake na vazi lake, mtazame ukiwa kiti cha nyuma. Kama bado hamjauza PAR zenu, acheni nne mbele kwenye dima zile zile. Mchanganyiko huo hauna aibu.

Swali: Na zile feni za ndani ya taa? Kwenye tukio la kimya zinasikika mpaka nyuma.
Jibu: Angalia kwenye menyu ya taa, nyingi zina hali ya feni ya polepole, mwanga utapungua kidogo. Kama uko karibu na bahari, fungua vichujio kila mwezi, futa vumbi kwa brashi kavu. Chumvi na vumbi vikishikana, feni hupiga kelele kabla ya kufa.

Mwanachama mwingine: Brashi ya rangi ya inchi mbili inafaa. Izuie feni isizunguke kwa kidole wakati unasafisha.