Kutoa siti za nyuma na kuweka sakafu ya mizigo

Kama una IST au Vitz na kazi yako ni kusambaza bidhaa, toa kabisa siti za nyuma. Kuzikunja tu hakusaidii sana: zinakula nafasi na mzigo unakaa upandeupande.

Kuzitoa ni kazi ndogo. Bolti nyingi za siti za Toyota hufunguka kwa spana namba 14, na siti ya kukalia unainyanyua kwa mbele inachomoka.

Pa kuwa makini ni hapa: usitoboe bodi. Kwenye magari mengi madogo tangi la mafuta liko chini ya siti ya nyuma, na drili ikipita bati inakutana na petroli. Fremu ya mbao mbili kwa mbili ifungie kwenye matundu yaleyale ya bolti za siti, kisha ilaze plaiwudi ya milimita 12. Kata kwanza patani kwa boksi la karatasi, maana pale kwenye matairi hapajanyooka hata kidogo. Juu ya mfuniko wa pampu ya mafuta acha kipande kinachofunguka; pampu ikifa, fundi asikubomolee sakafu nzima.

Weka na pete za kufungia kamba kwenye bolti za mikanda. Breki moja ya ghafla, kreti la soda liko kisogoni kwako.

Springi ni zilezile, usijaze saruji. Na watu wa bima waambie mapema.