Jinsi ya Kupogolea na Kusimamisha Nyanya Ndefu, Kutoka Shambani Ilula

Kabla hujagusa tawi lolote, jibu swali moja: nyanya zako ni fupi au ndefu? Nyanya fupi, kama Cal J, Roma na Rio Grande, hufika kimo fulani zikaacha kurefuka, na mzigo wake mkubwa uko kwenye matawi ya pembeni. Ukiyaondoa matawi hayo umeondoa mavuno yenyewe. Nyanya ndefu, kama Anna F1 au Moneymaker ya tangu zamani, haziachi kupanda. Ukizipa chakula na pa kushika zitapita kimo cha mtu. Hizo ndizo za kupogolea kila wiki.

Nalisema hili kwa uchungu. Msimu mmoja, kwenye kinyungu chetu, yaani shamba la bondeni penye unyevu, hapa Ilula, wilayani Kilolo, nilinunua miche kwa mtu aliyeniapia kuwa ni ndefu. Nikaipogolea kwa bidii mpaka ikabaki shina moja moja. Ilipofika kiunoni ikagoma, kila mmea na vichala vitatu tu. Majirani walipakia matenga, mimi nilipeleka ndoo. Tangu hapo nasia mbegu mwenyewe, na pakiti yake siitupi mpaka mavuno yaishe.

Hatua ya 1: Simika miti ya kushikilia mapema

Simika siku ya kupandikiza, au usivuke wiki moja. Ukichelewa, kila mti unaoushindilia unakata mizizi ambayo mmea umeitafuta kwa shida. Mti uwe na urefu wa mita 2, nusu mita iingie ardhini. Huku Iringa mianzi mikavu haikosekani. Kwingine mikaratusi myembamba inafaa vilevile.

Kwa shina moja, acha sentimita 40 hadi 50 kati ya mche na mche; kwa mashina mawili acha 60. Mstari hadi mstari iwe 75 mpaka 90, upite na ndoo bila kuvunja matawi.

Funga kwa katani laini au vipande vya fulana kuukuu. Zungusha kamba iwe na umbo la 8, ipishane katikati ya shina na mti, na kitanzi cha upande wa shina kiwe kipana, kidole kiingie, kwa sababu shina litanenepa. Fungo likae chini ya jani. Ukilikaza chini ya kichala cha maua, matunda yakija kuwa mazito kikonyo kitasuguana na kamba mpaka kikatike.

Hatua ya 2: Amua idadi ya mashina

Shina moja huwahi kuiva na matunda yake ni makubwa. Mawili hutoa matunda mengi zaidi, madogo kidogo, na kwa aliyenunua mbegu chotara kwa bei kali ni nafuu, maana mche mmoja unamfanyia kazi ya miwili. Shina la pili usiliokote popote. Chukua chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza cha maua; ndilo huwa na nguvu kuliko yote.

Hatua ya 3: Ondoa machipukizi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tuende polepole.

Tazama pale jani linapoungana na shina. Kwapani hapo huchomoza kimmea kidogo chenye majani na ncha yake ya kukua. Hilo ndilo chipukizi. Kichala cha maua hakitoki kwapani. Hutoka kwenye shina lenyewe, kati ya jani na jani, na hakina ncha yenye majani. Ukiwa na shaka, acha siku tatu, kitajionyesha.

Liondoe likiwa na sentimita 5 hivi, lisizidi 10. Lishike kwa vidole viwili, lipinde upande huu na ule, litakatika bila kisu na kidonda kitakuwa kidogo. Fanya asubuhi, umande ukishakauka: mmea bado umejaa maji, chipukizi linavunjika kirahisi, na jua la mchana linakausha kidonda. Majani yakiwa mabichi kwa mvua usiingie shambani kabisa, utasambaza bakajani na magonjwa mengine kwa mikono yako.

Ukilikuta limeshanenepa kama kalamu, usilinyofoe, litachuna ganda la shina. Kata ncha yake tu ubakize majani mawili. Ukilikata lote kwa kisu, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Wiki moja au mbili litatoa mizizi, nawe umepata mche wa kuziba pengo.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, hasa kama unavuta sigara, kwa sababu virusi vya batobato vya tumbaku, ugonjwa wa mabaka ya majani unaoshika nyanya pia, huishi hata ndani ya tumbaku iliyokaushwa. Kisu kichovye kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Mimea inayoonekana kuumwa iguse mwisho.

Hatua ya 4: Majani ya chini

Kichala cha kwanza kikishashika matunda, toa majani yanayogusa udongo, kisha endelea kwenda juu taratibu mpaka sentimita 30 kutoka chini. Matone ya mvua hurusha vimelea kutoka ardhini, na majani hayo ndiyo huyapokea kwanza. Toa mawili au matatu kwa mmea kila safari, usizidishe. Jani ndilo jiko la mmea, na tena ndilo mwavuli wa tunda: likibaki wazi juani hubabuka, likafanya doa jeupe ambalo mnunuzi halitaki.

Majani yenye njia za kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hula ndani ya jani, usiyaache kwenye mfereji. Yafungie kwenye mfuko wa plastiki uuanike juani, au yafukie.

Hatua ya 5: Punguza matunda

Kwa aina za matunda makubwa, bakiza manne au matano kwa kila kichala. Toa yaliyopinda na yaliyodumaa nchani.

Hatua ya 6: Kata kilele

Kutoka ua hadi tunda bivu ni kama siku 45 mpaka 60, na baridi ya nyanda za juu huongeza. Basi hesabu kurudi nyuma: miezi miwili kabla ya kufunga shamba, kata ncha ya shina ukibakiza majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Machipukizi yatafumuka kwa fujo baada ya hapo. Endelea kuyatoa.

Katika hatua zote hizi, maji yasipande na kushuka. Nyanya iliyopogolewa huoza kitako na kupasuka upesi ikikauka siku nne kisha ikafurikishwa. Mwagilia kidogo kidogo kwa siku zinazoeleweka, na tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, zisiguse shina.