Premio ya mwaka gani? Ninavyokagua gari lililotumika kabla mteja hajalipa

Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu anayeuliza, "Fundi, Premio ni gari zuri?" Swali hilo halina jibu moja. Premio za Toyota zipo za vizazi viwili. Cha kwanza kilitoka Desemba 2001, cha pili kikaanza Juni 2007 na kuendelea hadi 2021. Humo ndani zimepita injini sita. Moja utaiendesha miaka na miaka kwa kubadilisha oili na plagi tu, nyingine itakumaliza mfuko kabla hujalizoea gari lenyewe. Nitaeleza ninavyokagua, na yote haya yanaihusu pia Allion, maana hizo mbili ni pacha.

Hatua ya kwanza: soma chesisi

Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya chesisi. Herufi za mwanzo ndizo zitakazokuambia umesimama mbele ya gari gani.

NZT240 ni kizazi cha kwanza chenye injini ya lita 1.5, yaani 1NZ-FE. Ni injini nyepesi, ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na mafundi wengi wanaijua. Tatizo lake kubwa ni uzee.

ZZT240 ni ya 1.8, injini ya 1ZZ-FE. Hapa tulia. Injini hizi za miaka ya mwanzo, hadi kwenye 2005 hivi, zina ugonjwa wa kula oili. Vitobo vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba kwa masizi, ringi zinaganda, na oili inapanda juu kuungua pamoja na petroli. Mwenye gari aliyechelewesha kubadilisha oili ndiye anayeuharakisha ugonjwa huo.

AZT240 ni ya 2.0, ile yenye maandishi ya D-4 juu ya injini. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake haivumilii mafuta machafu, na kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu kuziosha, masizi hujaa kwenye njia ya hewa. Kwa mtu anayejaza mafuta popote anapokuta kituo, mimi namwambia aiache.

Kizazi cha pili: NZT260 imebaki na 1NZ-FE ileile ya 1.5 tangu mwanzo hadi mwisho. ZRT260 ni 1.8. Za 2007 hadi mwanzoni mwa 2010 zina 2ZR-FE, na tangu uso ulipobadilishwa Aprili 2010 ikaingia 2ZR-FAE yenye Valvematic, mfumo unaobadilisha kiasi cha valvu kufunguka. Mfumo huo unapunguza ulaji wa mafuta, lakini una kidhibiti chake cha umeme ambacho kikifa ni gharama. ZRT261 ya 2.0 ilikuwa na Valvematic tangu ilipotoka.

Hatua ya pili: hakikisha mwaka

Watu wanadanganywa sana hapa. Namba ya usajili haisemi gari limetengenezwa lini. Gari la "namba E" linaweza kuwa la 2005. Herufi hiyo inaonyesha lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Kenya angalau kuna sheria ya miaka minane kwa magari yanayoingia, kwa hiyo namba hukupa fununu.

Mimi huvuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho. Chini kabisa kuna kilebo kilichoshonwa, mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa kwa mkanda. Kisha naangalia cha abiria na vya nyuma. Vikitofautiana na kadi ya gari kwa miaka, muulize muuzaji akueleze. Kimoja kikiwa kipya kuliko vingine, gari huenda liligongwa.

Ukipata karatasi ya mnada ya Japani, mwaka umeandikwa kwa kalenda yao. H ni Heisei: jumlisha 1988. H19 ni 2007, H22 ni 2010. R ni Reiwa: jumlisha 2018. Mwaka huo ni wa usajili wa kwanza, gari lenyewe linaweza kuwa limetengenezwa miezi kadhaa kabla. Humo humo angalia alama ya daraja. Ukiona R au RA, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni iliyobadilishwa.

Hatua ya tatu: likute gari limelala

Mwambie muuzaji usiku mmoja kabla kwamba asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja mwalimu na ZZT240 ya 2003 aliyoinunua wiki mbili nyuma. Siku ya kuliona alilikuta linaunguruma tayari, likamvutia kwa utulivu wake. Mimi nilipochomoa kijiti cha oili kilikuwa kikavu hadi ncha. Tukajaza, nikamwambia arudi baada ya kilometa elfu moja. Aliporudi, oili ilikuwa imepungua zaidi ya lita. Akiba yake ya miaka yote iliishia kwenye kufungua injini. Bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu dakika tano za asubuhi zingemwokoa.

Dakika hizo tano ni hivi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Soma kiwango na rangi. Fungua kifuniko cha oili utazame kwa ndani: tope jeusi zito ni uzembe wa huduma, povu la rangi ya maziwa ni maji yameingia kwenye oili. Fungua rejeta wakati bado ni ya baridi, maji yasiwe na kutu wala mafuta yanayoelea. Sasa mwenzako awashe, wewe simama nyuma ya ekzosi na kitambaa cheupe. Mvuke mweupe unaoisha haraka ni unyevu tu. Moshi wa bluu ni oili. Sikiliza sekunde za mwanzo: cheni iliyolegea hukwaruza, kisha hunyamaza oili ikipanda.

Iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta dakika kumi, kisha mwenzako akanyage mafuta ghafla. Wingu la bluu likitoka wakati huo, usiongeze neno.

Hatua ya nne: giaboksi

NZT240 na ZZT240 zina giaboksi ya kawaida ya otomatiki ya gia nne, ngumu kufa. AZT240 na kizazi cha pili zina CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na uhai wake uko kwenye oili yake. Nimeshapokea CVT zilizotiwa ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, na fundi asiyejua, na hazikudumu.

Endesha nusu saa, foleni na mlima. CVT inayochoka haijionyeshi ikiwa baridi. Ikipata moto, ondoka taratibu ukiwa kati ya kilometa 20 na 40 kwa saa. Ukisikia mtetemo kama gari linapita kwenye matuta madogo, au mlio mwembamba unaopanda na mwendo, umeipata.

Hatua ya tano: kilometa na mengineyo

Usiiamini odomita peke yake. Usukani uliong'aa, pedali ya breki iliyolika na kiti kilichobonyea upande wa mlango haviendani na kilometa 60,000. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani huwa na kilometa zilizosomwa, linganisha. Bushi, shokapu na boli joint hazinitishi, hizo ni punguzo la bei.

Wakiniuliza chaguo langu, nasema NZT260 kwanza, kisha ZRT260 ya kabla ya Aprili 2010. NZT240 iliyotunzwa inafuata, nayo naichukua mbele ya ZRT260 mpya ambayo muuzaji hawezi kunionyesha oili gani iliwekwa kwenye CVT.