Palizi ya mashine kwenye mboga: lipige gugu likiwa bado uzi

Siku ya tano au ya sita baada ya kumwagilia tuta jipya, kwaruza udongo wa juu kwa ukucha. Utakuta vijiuzi vyeupe, vyembamba, vimejikunja chini ya ganda la udongo na bado havijaona jua. Hayo ni magugu, na hakuna wakati mwingine yatakapokuwa dhaifu kama sasa. Ukiyatikisa tu yanakauka. Yakifika majani mawili ya kwanza bado yanakufa kirahisi. Yakishatoa majani manne ya kweli, kaltiveta (mashine ya kupalilia yenye visu) ile ile itayalaza leo na kesho yatainua vichwa. Ukisubiri mpaka shamba lionekane kijani ndipo ufunge mashine, umechelewa.

Yaoteshe kabla ya kupanda

Andaa tuta wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda: vunja mabonge, sawazisha, mwagilia kana kwamba umeshapanda. Magugu yakichipua, pita na haro nyepesi (chombo cha meno cha kukwaruza udongo) au kisu cha kukwangua kwa kina cha sm 2 hadi 3. Usizidishe. Mbegu nyingi ndogo za magugu huota kutoka sentimita chache za juu. Ukishuka sm 8 unapandisha mbegu nyingine zilizokuwa zimelala, na kazi yote inaanza upya. Ndiyo maana rotaveta, mashine inayosaga udongo kwa kina, pamoja na udongo mzuri inaoutoa, haifai kwa hatua hii. Muda ukiruhusu, mwagilia tena urudie.

Kwa karoti na vitunguu, hatua hii usiiruke. Karoti huchelewa kuota, na jani la kitunguu ni jembamba mno kufunika udongo, kwa hiyo gugu halikosi mwanga msimu mzima.

Mstari uliopinda haupaliliki

Palizi huharibika siku ya kupanda. Kama planta yako hupanda mistari 3 kwa mkupuo, kaltiveta nayo ipalilie mistari 3 ile ile. Ukichukua miwili ya mkupuo huu na mmoja wa ule wa jirani, nafasi kati yake haitakuwa sawa, na kisu kitakata mboga.

Piga hesabu: mistari ikiwa sm 40 na unaacha sm 5 kila upande wa mche, ukanda wa sm 10 haujaguswa, yaani robo ya shamba. Ukiweza kukaribia hadi sm 2.5, unabaki na nusu ya hiyo. Jembe la mkono linalobaki hapo ndilo linalokula faida.

Kufunga na kupima

Egesha kaltiveta kwenye sakafu bapa ya zege na ushushe visu vyote. Kila kimoja kilale bapa. Kikiegemea pua kitazama, kikiegemea mkia kitaelea juu ya udongo. Majembe ya mguu wa bata, yaani visu bapa vya pembetatu, yapishane sm 2 hadi 3, la sivyo utaona mchirizi wa magugu yaliyosimama katikati ya nafasi, umenyooka kama umechorwa. Karibu na mche funga visu vya umbo la L, mguu wake ukiwa upande wa mche na ubao ukielekea katikati ya nafasi, ili udongo usirushwe juu ya miche michanga.

Anza kwa kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Nenda mita 20, simama, shuka ukaangalie. Miche imefunikwa? Punguza mwendo au weka ngao. Mabonge yanaviringika? Udongo una maji mengi, ahirisha. Magugu yamekunjwa badala ya kukatwa? Kisu ni butu. Kinoe, hata kama ulikinoa juzi, maana mchanga hula makali haraka.

Yaliyo ndani ya mstari

Hapa kazi ni ya vidole vya mpira, vinavyozunguka pande mbili za mche na kuvuruga udongo kati ya mche na mche. Hutegemea tofauti ya nguvu: mboga imeshika, gugu bado. Basi jaribu kwanza: shika jani la kabichi uliyohamishia shambani, vuta kidogo. Jani likichanika na mche ukabaki, ingiza mashine. Mche ukija wote mkononi, subiri siku kadhaa. Mara ya kwanza acha nafasi ya sm 2 hadi 3 kati ya ncha za vidole, kisha zikaribishe mboga inavyoimarika. Kwenye mawe au mabonge makubwa vidole hurukaruka tu.

Viazi na maharage mabichi vinavumilia kufukiwa kidogo, hivyo tupia udongo wa sm 2 au 3 kwenye shina ufunike magugu machanga. Saladi usiifanyie hivyo: udongo huingia moyoni na sokoni hautatoka.

Jua ndilo mwenzako

Palilia asubuhi ya siku kavu yenye jua, umande ukishakauka, na usimwagilie kwa siku moja au mbili zinazofuata. Kupalilia udongo uliolowa ni kuyahamisha magugu: mizizi hubaki na udongo wake na hushika tena.

Ndago na sangari ni habari nyingine. Kukata sangari ni kuigawa vipande, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea. Ndago nayo huchipua tena kutoka kwenye vijiazi vyake vya chini. Zungushia vigingi sehemu hizo, chimba kwa uma, na usafishe visu kabla ya kuhamia tuta jingine.

Majani ya mboga yakigusana kati ya mistari, ondoa mashine. Pita kwa miguu uking'oa magugu marefu yaliyobaki, ukianza na mchicha pori, kwani mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000. Kama umeshatoa maua, usiuache kwenye mfereji, maana mbegu zinaweza kuendelea kukomaa hata baada ya kung'olewa. Utie kwenye gunia uutoe shambani.