Gari la Ford Mustang 1965–66: kapeti kulowa na sanduku la hewa lililooza

Kapeti likilowa baada ya mvua, usikimbilie kubadilisha mpira wa kioo cha mbele. Zile nafasi nyembamba mbele ya kioo ni mdomo wa sanduku la hewa: bati la juu na la chini, yameungwa kwa nukta nyingi za kuchomelea. Bati la chini lina matundu mawili, la kulia linalisha hita, la kushoto ni la dereva. Kila tundu lina shingo ya bati inayozuia maji, ili yatelemkie pembeni na kumwagika nyuma ya madigadi. Majani yakiziba, maji hutuama, na shingo huoza mahali brashi haifiki.

1. Toa boksi la hita na kifuniko cha hewa cha dereva. Mimina maji polepole juu huku mwenzako akimulika kwa tochi kutoka chini ya dashibodi. Yakichuruzika shingoni, umepata.

2. Toa boneti na bawaba zake, madigadi, kioo cha mbele na vishikio vya waipa. Kama ni ya kukunja paa, kwanza chomelea chuma cha kushikilia uwazi wa milango, la sivyo bodi itajipinda.

3. Toboa nukta kwa kikata cha milimita 8, spidi ndogo. Kata bati la juu tu.

4. Chomelea shingo mpya, paka silanti (dawa ya kuziba maji) kwenye maungio, kisha rangi. Jaribu tena kwa maji kabla ya kurudisha bati la juu! Wengi huruka hapa, wakaja kukata upya.

5. Kwenye kingo zitakazochomelewa, tumia praima ya zinki inayovumilia moto.

Maswali

*Mkuu, nikipaka silikoni kutoka chini?*
Maji yatabaki yamenaswa juu ya silikoni, kutu itaendelea kimyakimya. Vifuniko vya plastiki vya kugundisha vinasaidia kwa muda, ila bati la kuzunguka shingo liwe bado gumu.

*Langu linalowa upande wa abiria tu, hata kiangazi.*
Gusa kwa kidole. Ukikuta utelezi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini. Rejeta ndogo ya hita imetoboka. Usikate bodi.

*Nimetoboa hadi bati la chini.*
Weka kipande cha shaba nyuma, jaza tundu kwa mig (mashine ya kuchomelea kwa waya), saga.