Mambo ya kuzingatia kabla ya kuomba kibali cha ujenzi kwenye eneo ambalo bado ni kijiji

Kabla hujamlipa mchoraji ramani hata senti, jua kiwanja chako kiko chini ya nani. Pembezoni mwa miji yetu ya Tanzania, kuanzia Kisarawe na Mkuranga hadi Kerege na Chalinze, kuna maeneo yenye maduka, bodaboda na nyumba za bati la msauzi ambayo kisheria bado ni vijiji. Mengine yako chini ya mamlaka ya mji mdogo. Mengine yalishatangazwa kuwa eneo la mipango miji na wenyeji hawana habari. Kwenye ardhi ya kijiji mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji, na karatasi yako ni hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Eneo likishatangazwa, inaingia Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na hapo huendelezi kitu bila idhini ya mamlaka ya upangaji.

Kwa hiyo nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri, si kwa mwenyekiti wa kitongoji, uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji uliopitishwa. Kama upo, omba kuona kiwanja chako kimepangiwa nini. Unaweza kukuta ulichouziwa kama makazi kimechorwa shule, soko au makaburi, na hapo hakuna ramani ya nyumba itakayokusaidia. Kama haupo, uliza kama urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, uko njiani, maana barabara za mtaa zikianza kuchorwa zinamega viwanja vya watu, na anayeumia zaidi ni aliyejenga hadi mpakani.

Mhuri wa mtendaji kwenye mkataba wa mauziano si kibali. Barua ya serikali ya kijiji si kibali. Kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU nako si kibali: ile Sh 1,500 ya kila mwezi inakatwa kwa sababu mita ipo, haijali nyumba imesimama wapi.

Pima mwenyewe. Huku viwanja huuzwa kwa hatua, na hatua si mita. Dalali akikwambia 20 kwa 20, muulize 20 za nini, kisha vuta futi kamba mbele yake na mbele ya majirani wa pande zote. Hatua ya sentimita 75 mara 20 ni mita 15 tu, kwa hiyo kile ulichohesabu kuwa mita za mraba 400 ni 225. Toa nafasi ya mbele, ya nyuma na ya pembeni utakayoambiwa na halmashauri, toa shimo la choo, halafu uone kama vyumba vitatu na sebule bado vinaingia.

Sasa barabara, na hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolia. Barabara kuu na za mkoa, zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, zina hifadhi, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, ya mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, na hadi leo wapo wauzaji wanaokuonyesha mpaka wa zamani kwa ujasiri kabisa. Ndiyo maana zikaja X za rangi mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi. X ya kijani ni ya nyumba ambayo barabara imeifuata, hivyo ikibidi kuondolewa mwenyewe anastahili fidia. X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara. Huyo anabomoa kwa gharama zake.

Hata mita 30 si kinga kila mahali. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi yake ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 tingatinga lilipopita Kimara na kuendelea, zilianguka nyumba zilizokuwa na umeme na maji, maduka, hata nyumba za ibada. Bili ya maji haikumwokoa mtu. Aliyesimama pale na futi kamba akahesabu mita 30 zake angejiona yuko salama kabisa, huku amebakisha zaidi ya mita 90 kutoka nje ya hifadhi.

Barabara za vumbi zina mtego wake. Magari yakikwepa tope kila masika, njia inahama, na baada ya miaka kadhaa katikati unayoiona wewe siyo katikati iliyo kwenye michoro ya ofisi. Tena barabara iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, leo inaweza kupandishwa hadhi ikawa ya mkoa, na hifadhi nayo ikapanuka. Basi usipime ukaishia hapo. Simama kwenye kila kona ya kiwanja, chukua majira ya nukta (GPS) kwa simu, chora mchoro mdogo, uambatanishe na barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa au wa TARURA wa wilaya. Uliza hifadhi ya barabara hiyo ni mita ngapi na kama kuna mpango wa kuipanua. Taka jibu la maandishi. Jibu la mdomo la kijana uliyemkuta kaunta halihesabiki.

Waya mkubwa wa umeme ukipita karibu, barua kama hiyo iende TANESCO. Maji nayo yana mita zake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, mto au bwawa. Usikague kiwanja Septemba. Nenda Aprili, uone kile ulichoambiwa ni njia ya ng'ombe kinapita nini.

Makaratasi yenyewe hayana ugumu. Ushahidi wa umiliki, namba ya NIDA, michoro. Majina yafanane kote, "Juma H." kwenye mkataba na jina refu kwenye NIDA vinatosha kulirudisha faili. Ukijenga ghorofa utahitaji pia michoro ya mihimili, na usanifu uwe wa aliyesajiliwa AQRB, bodi ya wasanifu majengo, uhandisi wa aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi. Ramani ya kuokota WhatsApp haijui kiwanja chako kinainamia wapi. Mchoro wa kiwanja uonyeshe mipaka, barabara ya kuingilia, shimo la choo na kisima, kikiwemo cha jirani: acha mita 30 kati ya shimo na kisima, na shimo liwe mahali gari la kunyonya majitaka litafika. Afisa afya ataliangalia hilo kabla ya sebule yako.

Maombi yanaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, malipo ni kwa kontroo namba. Anayetaka taslimu mkononi, mpite. Wataalamu watakuja kukagua, hivyo bikoni, yaani mawe ya mipaka, zionekane, majani yafyekwe. Wakati unasubiri usirundike saruji, itaganda stoo.

Kibali kikitoka, soma masharti na tarehe ya ukomo, uweke saiti nakala yake pamoja na michoro iliyogongwa mhuri. Ukitaka kuongeza chumba au kupandisha ghorofa, rudi ofisini kwanza. Kuwa macho na fundi anayesema "huku hawaji", na dalali wa kusukuma faili, na jirani anayelima karibu mno na bikoni, na yeyote anayekushauri umwage jamvi Jumamosi usiku.